Samatta hakuruka ngazi: safari ya straika kutoka Mbagala hadi Ulaya, na somo lake kwa dogo wa Magole

Dogo akifunga bao la kichwa kwenye kiwanja cha shule pale Magole, anaitwa Samatta. Akikosa bao la wazi, anaambiwa aache kujifanya Samatta. Jina hilo limekuwa kipimo cha washambuliaji wa nchi hii kwa zaidi ya miaka kumi sasa.

Lakini safari yenyewe wengi tunaijua nusunusu. Simba, Ubelgiji, Aston Villa, basi. Ya katikati tunayaruka, na hapo ndipo watu wanapoingizwa mjini. Mtu anakuja na simu kali na jezi ya klabu ya Ulaya, anamwambia mzazi kijana wake ana kipaji, kuna majaribio nje ya nchi, kinachotakiwa ni hela ya viza na tiketi tu. Mzazi anauza mpunga wote wa msimu, au anakata kipande cha shamba.

Ukiijua safari ya Mbwana Samatta hatua kwa hatua, maneno ya mtu huyo yanaishiwa nguvu. Kwa sababu straika wetu mkubwa kuliko wote hakupita njia ya mkato. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, na kila alipopanda, tayari watu walikuwa wamemwona akicheza mechi ya ushindani.

Tuipitie taratibu.

Ngazi ya kwanza: Mbagala

Mbwana Ally Samatta alizaliwa mwaka 1992 na kukulia Mbagala, Dar es Salaam. Timu iliyomtambulisha ni Mbagala Market, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa African Lyon na kucheza Ligi Kuu Tanzania Bara.

Hapa kuna jambo dogo ambalo wengi hawalipi uzito. Mbagala Market haikuwa klabu ya kifahari, lakini ilikuwa timu inayoshiriki mashindano yanayotambuliwa. Mchezaji wake ana usajili, ana leseni, jina lake lipo kwenye karatasi. Kuna tofauti kubwa kati ya dogo anayecheza vizuri kila jioni mtaani na dogo anayecheza vizuri kwenye ligi yenye kumbukumbu. Wa pili anaweza kutafutwa. Wa kwanza anasifiwa tu, kesho kutwa amesahaulika.

Karatasi hiyo tutairudia mbele, kwa sababu ina hela ndani yake.

Ngazi ya pili: Simba, na mechi iliyofungua mlango

Mwaka 2010 Samatta alitua Simba. Hakukaa sana. Kilichomwondoa Msimbazi ni droo ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2011, iliyowakutanisha Wekundu hao na TP Mazembe ya Congo.

Mazembe ya wakati ule ilikuwa moto. Ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010. Desemba 2010 ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikafungwa 3-0 na Inter Milan.

Simba ilifungwa 3-1 Lubumbashi, kisha 3-2 nyumbani Dar es Salaam. Kwa shabiki wa Simba yalikuwa maumivu. Kwa kijana wa miaka 18 aliyekuwa akiwasumbua mabeki wa mabingwa wa Afrika, yaligeuka kuwa usaili wa kazi. Mazembe waliondoka na ushindi, halafu wakarudi kuwachukua wachezaji wawili wa Simba: Samatta na Mganda Patrick Ochan.

Ona hapo. Timu yake ilitolewa, lakini yeye alipata kazi. Waliomchukua hawakuhitaji kutumiwa video wala kuambiwa sifa. Walikuwa wamecheza dhidi yake kwa dakika 180.

Ngazi ya tatu: Lubumbashi, miaka ambayo watu huiruka

Hii ndiyo sehemu ambayo ukimwuliza shabiki, anaipita mbio. Samatta alikaa Mazembe kuanzia 2011 hadi Januari 2016. Karibu miaka mitano. Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu naye alijiunga na klabu hiyo mwaka 2011, kwa hiyo kulikuwa na Watanzania wawili kwenye chumba kimoja cha kubadilishia nguo.

Kwa nini Lubumbashi na si Ulaya moja kwa moja? Jibu la kimpira ni rahisi. Pale alikuwa anacheza mechi kubwa za Afrika kila mwaka, dhidi ya klabu za Algeria, Morocco, Sudan na Tunisia. Straika anajengwa na mechi. Ukimpeleka kijana wa miaka 18 Ulaya akakaa benchi, au akacheza timu ya akiba ambayo hakuna anayeiangalia, unamrudisha nyuma.

Na haikuwa raha tupu. Mwaka 2013 Mazembe ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikapoteza mbele ya CS Sfaxien ya Tunisia.

Miaka miwili baadaye mambo yakajibu. Mwaka 2015 Samatta alifunga mabao 7 kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Moghreb Tétouan ya Morocco walikula 5-0, matatu yakiwa yake. Kwenye nusu fainali, Mazembe iliichapa Al-Merrikh ya Sudan 3-0 na yeye akatupia mawili.

Fainali ilikuwa dhidi ya USM Alger. Mechi ya kwanza ilichezwa Algiers tarehe 31 Oktoba 2015, Mazembe ikashinda 2-1 ugenini na Samatta akafunga kwa penalti. Mechi ya marudiano Lubumbashi tarehe 8 Novemba iliisha 2-0, akafunga penalti nyingine. Jumla 4-1, ubingwa wa Afrika.

Fikiria uzito wa penalti zile mbili. Fainali ya Afrika, uwanja wa ugenini umejaa, na mpira unapewa Mtanzania wa miaka 22.

Tarehe 7 Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Aliwapiku kipa wa Mazembe, Robert Kidiaba, na Baghdad Bounedjah wa Algeria. Alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kuibeba tuzo hiyo. Usiku huohuo tuzo kuu ilikwenda kwa Pierre-Emerick Aubameyang wa Gabon.

Ngazi ya nne: Genk

Wiki chache baadaye, mwishoni mwa Januari 2016, alisaini KRC Genk ya Ubelgiji. Akavaa jezi namba 77.

Ubelgiji ni ligi ambayo klabu kubwa za Uingereza, Ujerumani na Hispania huenda kununua. Kwa lugha ya sokoni, ni mnada wa jumla. Mchezaji akifanya vizuri pale, bei yake inapanda na anauzwa. Kwa hiyo kwenda Genk badala ya kulilia klabu yenye jina ilikuwa hatua yenye hesabu.

Machi 2017, kwenye Ligi ya Europa, Genk iliifumua Gent 5-2 ugenini na Samatta akafunga mawili. Msimu ule Genk ilifika robo fainali, ikatolewa na Celta Vigo ya Hispania. Agosti 2018 alipiga mabao matatu peke yake dhidi ya Brøndby ya Denmark, mechi iliyoisha 5-2.

Msimu wa 2018/19 ndio uliokuwa wake. Genk ilitwaa ubingwa wa Ubelgiji, wa nne katika historia yake, akiwa straika wao namba moja. Mwaka 2019 akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika kwenye ligi ya Ubelgiji.

Ubingwa huo uliipeleka Genk Ligi ya Mabingwa Ulaya. Tarehe 17 Septemba 2019 Genk ilifungwa 6-2 na Red Bull Salzburg, mechi ambayo Erling Haaland alifunga matatu kabla ya mapumziko. Bao la pili la Genk lilikuwa la Samatta. Kipigo kilikuwa kizito, lakini ndiyo siku Mtanzania alipofunga kwenye hatua ya makundi ya mashindano hayo kwa mara ya kwanza.

Kisha Anfield, tarehe 5 Novemba 2019. Liverpool walikuwa mabingwa watetezi wa Ulaya. Ikapigwa kona, Samatta akaruka, kichwa, nyavu. Ikawa 1-1. Liverpool walishinda 2-1 mwishoni, lakini picha ya kichwa kile iliganda kwenye simu za Watanzania kwa wiki nzima.

Ngazi ya tano: Aston Villa

Januari 2020 Aston Villa walikuwa kwenye shida. Straika wao Mbrazili, Wesley, aliumia goti siku ya mwaka mpya, na timu ilikuwa inapigania isishuke daraja. Tarehe 20 Januari wakamtangaza Samatta kwa mkataba wa miaka minne na nusu. Alikuwa na miaka 27.

Mwanzo ulikuwa wa kasi. Tarehe 28 Januari alianza kwenye nusu fainali ya Kombe la Carabao dhidi ya Leicester, Villa ikashinda 2-1 na kutinga fainali. Tarehe 1 Februari alicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu England, ugenini kwa Bournemouth, akafunga. Villa walipoteza 2-1, lakini hakuna Mtanzania aliyewahi kucheza wala kufunga kwenye ligi ile kabla yake.

Tarehe 1 Machi 2020, Wembley. Manchester City walikuwa wanaongoza 2-0. Dakika ya 41 Anwar El Ghazi akapiga krosi, Samatta akaifuata kwa kichwa cha kuchupa, 2-1. Kombe lilikwenda City kwa matokeo hayohayo.

Siku chache baadaye mpira ukasimama. Corona ilifunga viwanja hadi Juni. Uliporudi, timu ilicheza kwa kujilinda zaidi na straika alikaa muda mrefu bila kuletewa mpira. Samatta alimaliza na mechi 14 za ligi na bao 1. Villa ilinusurika siku ya mwisho ya msimu. Septemba wakamnunua Ollie Watkins, na mwezi huohuo Samatta akaenda Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo.

Hapa ndipo wabongo tuligawanyika. Kuna waliosema amefeli. Lakini tuwe wakweli: dogo aliyeingia katikati ya msimu, kwenye timu inayozama, akakatizwa na janga la dunia, akacheza mechi 14, hujampima vya kutosha. Straika hula anacholetewa. Ukitaka kumhukumu, angalia kwanza krosi ngapi zilimfikia.

Baada ya Villa: kazi iliendelea

Wengi wanafikiri habari iliishia hapo. Haikuishia. Baada ya Fenerbahçe alikwenda kwa mkopo Antwerp, kisha Genk kwa mara nyingine. Julai 2023 alisajiliwa na PAOK ya Ugiriki, na msimu huohuo wa 2023/24 PAOK ikawa bingwa wa nchi. Agosti 2025, akiwa na miaka 32, alihamia Le Havre ya Ufaransa.

Hesabu nchi alizofanyia kazi tangu atoke nyumbani: Congo, Ubelgiji, Uingereza, Uturuki, Ugiriki, Ufaransa. Ubingwa wa Afrika, ubingwa wa Ubelgiji, ubingwa wa Ugiriki. Straika anayefeli haendi Ufaransa akiwa na miaka 32.

Na Taifa Stars je?

Samatta alipewa unahodha wa Taifa Stars mwaka 2016, akimpokea Nadir Haroub "Cannavaro". Tarehe 24 Machi 2019, Uwanja wa Taifa Dar es Salaam, Stars iliifunga Uganda 3-0 na kufuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Miaka 39. Kuna watu wazima wenye watoto ambao hawakuwahi kuiona Tanzania kwenye mashindano yale.

Kule Misri tulipoteza mechi zote tatu: 2-0 na Senegal, 3-2 na Kenya, 3-0 na Algeria. Dhidi ya Kenya, Simon Msuva alifunga la kwanza na Samatta la pili. Tulikuwa mbele 2-1 hadi mapumziko, Harambee Stars wakageuza meza. Stars ikarudi AFCON ya Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, ikatoka sare na Zambia na DR Congo.

Sasa karatasi: hela iliyojificha kwenye usajili

Tulisema tutairudia. Twende.

FIFA wana kitu kinaitwa malipo ya mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23.

Mgawanyo uko hivi:

- Umri wa miaka 12 hadi 15: asilimia 0.25 ya ada kwa kila msimu.
- Umri wa miaka 16 hadi 23: asilimia 0.5 ya ada kwa kila msimu.

Chukua mfano. Mchezaji ameuzwa kwa pauni milioni 10. Klabu iliyokuwa naye kwa msimu mmoja tu, akiwa na miaka 17, inastahili pauni 50,000. Iliyokuwa naye misimu mitano kuanzia miaka 18 inastahili pauni 250,000. Na si mara moja tu: kila akiuzwa tena nje ya nchi alipo, hesabu inafanyika upya.

Sasa piga picha ya timu ya kata. Pauni 50,000 inanunua jezi, mipira, usafiri wa msimu na kiwanja cha maana, na chenji inabaki.

Lakini kuna sharti. Lazima ithibitike kwamba mchezaji alikuwa pale. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia taasisi ya FIFA iliyopo Paris, na historia ya mchezaji hujengwa kutokana na kumbukumbu za usajili za mashirikisho ya nchi. Kwetu hapa ni TFF, kupitia mfumo wa FIFA Connect.

Kama dogo alichezea timu yenu miaka minne na hamkuwahi kumsajili, kwenye kumbukumbu ni kama hakuwahi kuwepo. Mtabaki kusimulia kijiweni "huyu tulimlea sisi" huku hela ikienda kwa mwingine. Na tarehe ya kuzaliwa iandikwe ya kweli, kwa sababu hesabu nzima inakwenda kwa umri. Ukimpunguzia dogo miaka ili acheze mashindano ya watoto, unaweza kuwa unaiharibu haki ya timu na kazi ya kijana mwenyewe.

Maswali ya kumwuliza anayejiita wakala

Akija mtu na habari za majaribio, usimkatalie kwa hasira wala usimkubalie kwa furaha. Muulize haya.

1. "Una leseni ya FIFA?" Kanuni zinataka wakala wa wachezaji awe na leseni, na majina ya wenye leseni yanatafutika kwenye tovuti ya FIFA. Simu yako inatosha kuhakiki, dakika mbili tu.

2. "Kijana ana miaka mingapi?" Kanuni ya 19 ya FIFA kuhusu uhamisho inazuia mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine. Yapo machache yanayoruhusiwa, kwa mfano wazazi wakihamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Lakini mtu anayekwambia atampeleka dogo wa miaka 15 akasaini Ulaya peke yake anakudanganya. Samatta mwenyewe alipokwenda Mazembe alikuwa ameshatimiza 18.

3. "Nani anakulipa, na lini?" Wakala wa kweli anakula asilimia mkataba ukishasainiwa. Anayetaka hela ya fomu, hela ya viza, hela ya "kuwaona wakubwa" kabla ya chochote, biashara yake ni wewe.

4. "Barua ya mwaliko imetoka klabu gani?" Klabu ina anwani, ina tovuti, ina barua pepe ya ofisi. Waandikie wenyewe. Usitumie mawasiliano aliyokupa yeye, tafuta yaliyo kwenye tovuti ya klabu.

5. "Mbona hujazungumza na timu yake?" Mchezaji aliyesajiliwa hahami nchi bila cheti cha uhamisho wa kimataifa, kinachotolewa kati ya shirikisho na shirikisho. Anayetaka mambo yafanyike kimya, bila timu na bila TFF, hana mpango wa kumfikisha kijana kwenye ligi yoyote.

Na moja la nyongeza kwa mzazi: kwa mchezaji mdogo, wakala anatakiwa kuwa na idhini yako ya maandishi kabla hata ya kumfuata. Sahihi yako ina thamani. Usiitoe kwenye karatasi ambayo hujaisoma, na kama imeandikwa lugha usiyoijua, mpe mwalimu aisome kwanza.

Kwa hiyo dogo wa Magole aanzie wapi?

Njia ipo, na haihitaji kuuza shamba.

Shule ya msingi kuna UMITASHUMTA, sekondari kuna UMISSETA. Michezo hii huanzia chini na kupanda hadi ngazi ya taifa. Dogo anayeonekana Kilosa anaweza kuitwa timu ya mkoa, na huko ndiko makocha wa timu za vijana wanakoangalia. Kwa hiyo mzazi, unapomtoa mtoto shule "akazingatie mpira", unamwondoa kwenye jukwaa lake la kwanza.

Nje ya shule kuna ligi ya wilaya, halafu ligi ya mkoa, halafu Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kisha madaraja ya juu. Timu ya Magole au Dumila ikitaka dogo wake aonekane, ijiandikishe chama cha soka cha wilaya na iwakatie wachezaji leseni.

Halafu kuna Turiani. Barabara inayochepuka Magole kwenda Turiani haifiki kilomita 50, na mwisho wake kuna Uwanja wa Manungu, nyumbani kwa Mtibwa Sugar. Usiichukulie poa. Mtibwa walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, na kwa miaka mingi wamekuwa wakitoa vijana. Shiza Kichuya alitokea Mtibwa kwenda Simba mwaka 2016, baadaye akacheza Misri. Beki Dickson Job naye alitokea palepale kwenda Yanga mwaka 2021, na amekuwa akiitwa Taifa Stars.

Kwa hiyo ngazi ya Magole inaweza kusomeka hivi: shule, timu ya kata, ligi ya wilaya, Turiani au klabu nyingine ya karibu, Ligi Kuu, mashindano ya Afrika. Kila hatua ina mechi, ina mwamuzi, ina karatasi ya matokeo. Ukifika mechi za Afrika na ukacheza kama Samatta alivyocheza dhidi ya Mazembe, wenye hela watakuja wenyewe. Na wakija hao, wao ndio wanaolipa.

Si kila dogo atafika. Wengi hawatafika, na huo ndio mpira. Lakini aliyepita kwenye ngazi na akaishia katikati bado ana shule yake, ana shamba la wazazi wake, na ana jina kwenye kumbukumbu za timu. Aliyeuziwa njia ya mkato anarudi na deni.

Kama kuna mtu ameanza kuzungumzia majaribio ya nje kijijini kwenu, mtumie mzazi wa kijana maswali yale matano leo, kabla hajatafuta mteja wa shamba.